Jina Moja, Tahajia Tatu: Jinsi Teknolojia Inavyosaidia Kutafuta Jamaa Waliopotezana

Anayevuka mpaka wa Nadapal akikimbia mapigano Sudan Kusini si kila mara hufika Kakuma na familia yake nzima. Mmoja alibaki nyuma na mifugo, mwingine alipanda lori tofauti, mtoto alishikwa mkono na jirani usiku wa kukimbia na hakuonekana tena. Simu iliyo mfukoni ina laini ya nchi alikotoka, na namba zote alizozihifadhi haziiti. Akishapata maji na chakula, swali linalofuata ni moja: watu wangu wako wapi?

Kaunti ya Turkana imeishi na swali hilo tangu mwaka wa 1992, kambi ya Kakuma ilipofunguliwa kuwapokea maelfu ya vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia, wengi wao wakiwa watoto wasio na mzazi wala mlezi. Leo kambi hiyo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoanzishwa mwaka wa 2016, ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko.

Lakini swali si la wakimbizi peke yao. Ziko familia za Wakenya katika kaunti hii ambazo hazijui alikoelekea kijana aliyeondoka nyumbani wakati wa ukame, au mtoto aliyepotea siku wezi wa mifugo walipovamia. Huduma zinazoelezwa hapa ni zao pia, na hazilipiwi. Wengi hawazitumii kwa sababu hawajui zipo, au waliwahi kujaribu, jina likakosekana kwenye orodha, wakakata tamaa. Kukosekana kwa jina kwenye orodha si ushahidi kwamba mtu hayupo. Mara nyingi kosa liko kwenye orodha yenyewe.

Kadi mbili zikutane

Kazi ya kutafuta jamaa ni ya zamani kuliko simu. Mwaka wa 1870, Ufaransa na Prussia zilipokuwa vitani, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC) ilifungua ofisi mjini Basel, Uswisi, kukusanya habari za wanajeshi waliojeruhiwa au kutekwa ili zifike kwa jamaa zao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, ofisi kama hiyo ilianzishwa Geneva. Kazi yake ilizaa kadi takriban milioni 7. Mateka alikuwa na kadi yake, na mama aliyeandika barua kumuulizia mwanawe naye akafunguliwa kadi. Kazi ya makarani ilikuwa kuhakikisha kadi hizo mbili zinakutana kwenye kabati moja.

Programu za kompyuta zinazotumika siku hizi hufanya jambo hilo hilo. Upande mmoja kuna anayetafuta, upande wa pili kuna anayetafutwa (ambaye mara nyingi naye anatafuta), na ufundi wote uko katika kutambua kwamba rekodi mbili zinamhusu mtu mmoja.

Katikati ya kadi na kompyuta zimetumika njia nyingine ambazo hazijafa. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni karatasi isiyotiwa bahasha, ya kuandikia habari za familia tu: nani mgonjwa, nani ameolewa, nani amefariki. Husomwa kabla ya kupelekwa ili kuhakikisha haina habari za kivita wala za kisiasa, na kwa sababu hiyo huweza kupita mahali ambapo barua ya kawaida haipiti, hata gerezani. Kwa Wasomali, kwa miaka mingi majina ya watu waliopotea yamesomwa redioni kupitia idhaa ya Kisomali ya BBC kwa ushirikiano na ICRC. Redio ina faida ambayo simu haina: mtu mmoja husikia jina, naye humwambia aliye mbali na redio.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka wa 1994, zaidi ya watoto 100,000 waliotenganishwa na wazazi waliandikishwa nchini humo na katika nchi jirani. Wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja jina la baba. Kwao jina halikuwa na msaada wowote. Picha zao zilionyeshwa kambini ili mzazi aliyekuwa hai apite, atazame, amtambue mtoto kwa uso.

Jina ni mtego

Mkazi anayekwenda kutafuta jamaa hudhani jina kamili linatosha. Kwa hakika jina ndilo linalosumbua kuliko kitu kingine chochote, na anayeunda mfumo wa kutafuta watu bila kulielewa hilo huwa ameunda daftari zuri lisilompata mtu.

Chukua jina Mohamed. Kwa tahajia rasmi ya Kisomali huandikwa Maxamed, kwa kuwa katika lugha hiyo herufi x husimamia sauti nzito ya h. Karani wa Kenya ataandika Mohamed, wa Ethiopia huenda akaandika Mohammed, na anayeandika kwa kufuata Kiarabu ataandika Muhammad. Mtu ni mmoja, kadi ni nne. Jina Abdi nalo Wasomali huliandika Cabdi.

Wataalamu wa kompyuta walikuwa na dawa ya tatizo hili tangu zamani, nayo inaitwa Soundex, mfumo uliosajiliwa Marekani mwaka wa 1918 kwa ajili ya kupanga majina yanayosikika sawa ingawa yanaandikwa tofauti. Huhifadhi herufi ya kwanza ya jina, huacha irabu, kisha hugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa majina ya Kiingereza hufanya kazi vizuri. Sasa mpe Msomali wetu. Akiandikishwa Abdi hupata alama A130. Akiandikishwa Cabdi hupata C130. Herufi ya kwanza imetofautiana, kwa hiyo kompyuta itaapa kwamba hawa ni watu wawili, na dada yake aliye upande wa pili ataambiwa hakuna mtu kama huyo. Dawa iliyotengenezwa kwa majina ya watu wengine haiponyi kila mahali. Mfumo wa kutumika Kakuma au Dadaab unapaswa kufundishwa tahajia za lugha za huku.

Hapa kwetu Turkana kuna mtego mwingine. Ekai ni mvulana, Akai ni msichana. Ewoi ni mvulana, Awoi ni msichana. Karani asiyejua lugha, aliyechoka, katika foleni ndefu ya mchana wa jua kali, akisikia vibaya sauti moja ya mwanzo amemgeuza kijana kuwa binti, na hakuna atakayempata tena katika orodha ya wavulana. Isitoshe, kijana huyo huyo huitwa Peter kanisani na shuleni, Ekai nyumbani, na wenzake wa malishoni humjua kwa jina la dume lake. Baba akienda kutafuta, atataja lipi?

Tarehe ya kuzaliwa ingeweza kusaidia, lakini wakimbizi wengi hawana cheti, na asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa Januari 1. Mfumo unaotegemea tarehe kutofautisha watu wawili wenye jina Deng utakuta wote wawili, na wengine wengi, walizaliwa siku ya Mwaka Mpya.

Ndiyo maana afisa wa kutafuta jamaa anayeijua kazi yake huuliza maswali ambayo baadhi ya wakazi huyaona kama udaku. Babu aliitwa nani? Mama ni wa ukoo gani? Kijijini kulikuwa na mto, kanisa, shule gani? Mlionana mara ya mwisho wapi, mkiwa na nani? Watu walimpa jina gani la utani? Ana kovu? Kovu la goti lililotokana na kuanguka mtini halibadiliki tahajia likivuka mpaka.

Simu ya mulika mwizi inatosha

Mwaka wa 2005 ndugu wawili wa Denmark, David na Christopher Mikkelsen, walijaribu kumsaidia kijana mkimbizi kutoka Afghanistan kuwapata jamaa zake. Waligundua kwamba mashirika mengi yalikuwa na orodha zao, na orodha hizo hazikuzungumza. Wakaanzisha shirika la Refugees United, lililojulikana baadaye kama REFUNITE, ambalo mwaka wa 2010 lilianza kutoa huduma ya kutafutana kwa simu nchini Uganda likishirikiana na Ericsson na MTN. Baadaye huduma hiyo ilifika Kenya kupitia Safaricom.

Uamuzi wao muhimu ulihusu aina ya simu. Tovuti peke yake ingewafaa wachache wenye kompyuta na bando. Waliowalenga walikuwa na simu ya mulika mwizi, ile ya vibonyezo, inayokaa na chaji siku kadhaa. Kwa hiyo huduma ilipita pia kwenye arafa na kwenye USSD, njia ile ile ambayo kila Mkenya huitumia kuangalia salio kwa kubonyeza nyota, tarakimu chache na alama ya reli. Haihitaji intaneti, na inafanya kazi kwenye karibu kila simu. Ina udhaifu wake: ukichelewa kujibu mazungumzo hukatika, skrini hubeba maneno machache, na asiyejua kusoma hubaki nyuma.

Jambo la pili waliloamua ni kwamba mtu hakulazimika kutoa jina lake la kweli. Angeweza kujiandikisha kwa jina la utani, kwa kovu, kwa jambo linalojulikana nyumbani tu. Mama angejua. Mgeni asingejua.

Si kila anayetafuta ana nia njema

Kwa nini mtu ajifiche hata anapotafutwa na jamaa? Kwa sababu anayejiita jamaa huenda ni mume aliyempiga, kundi lenye silaha lililomwandikisha kwa nguvu, au mlanguzi anayemtaka arudi. Kwa sababu hiyo huduma ya Msalaba Mwekundu haitoi anwani wala namba ya simu ya aliyepatikana mpaka yeye mwenyewe akubali. Mtu mzima akisema hataki kujulikana aliko, uamuzi wake huheshimiwa. Jambo hili huwaudhi baadhi ya wanaotafuta, na kuudhika kwao kunaeleweka, lakini sharti hilo limeokoa watu.

Tovuti ya Trace the Face, iliyoanzishwa mwaka wa 2013 kwa ajili ya wahamiaji waliopotezana na jamaa zao njiani kuelekea Ulaya, inaonyesha wazo hilo vizuri. Picha inayowekwa si ya aliyepotea. Ni ya anayetafuta. Chini yake hakuna jina lake, ila maelezo mafupi kwamba anamtafuta mama, kaka au mtoto. Mwenye hatari ya kujulikana aliko hawekwi hadharani. Ni yeye atakayeona uso wa dada yake na kuamua kama ataitika.

Linganisha na mazoea yetu ya kusambaza picha ya mtoto aliyepatikana sokoni kwenye makundi ya WhatsApp, pamoja na jina, kijiji na mahali alipohifadhiwa. Nia huwa njema. Lakini picha hiyo haifutiki baada ya mtoto kurudi nyumbani, na yeyote anaweza kuja akidai ni mjomba. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu, na za mtoto zaidi. Mtoto aliyepatikana apelekwe kituo cha polisi au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kisha picha yake isambazwe kwa ushauri wao.

Matapeli nao wanajua uchungu huu. Mtu hupiga simu akisema amemwona ndugu yako hospitalini na anahitaji pesa za haraka. Atakayedai ada ya kutafuta, ya fomu au ya kuharakisha jina hafanyi kazi ya Msalaba Mwekundu, hata akivaa fulana yake.

Kupatikana, kisha kupotezana tena

Wako waliopatana na jamaa zao wakapotezana mara ya pili, na sababu ilikuwa laini ya simu. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba hupewa mteja mwingine. Mama aliye upande wa pili wa mpaka akipata nafasi ya kupiga baada ya muda mrefu, anaitikiwa na mtu asiyemjua.

Sababu nyingine ni usajili. Sheria inataka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho, na mkimbizi asiyekuwa na hati zake bado hutumia laini ya rafiki. Rafiki akihama, simu ikiibwa, hawezi kuirudisha namba kwa kuwa kwenye kumbukumbu si yake. Anayepata hati zake asikawie kusajili laini kwa jina lake mwenyewe.

Kwa hili hakuna programu mpya inayohitajika. Familia nyingi zilizofaulu kubaki pamoja zilichagua jamaa mmoja asiyehamahama, mwenye namba isiyobadilika, awe kituo cha habari zote. Namba yake iliandikwa kwenye karatasi na nyuma ya mlango, si kwenye simu peke yake, na watoto wakaikariri kama wanavyokariri wimbo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kukariri namba ya simu, majina mawili ya baba yake na jina la chifu wa kata.

Kwa asiye na kredi, Msalaba Mwekundu wa Kenya umekuwa ukitoa simu za bure kambini kwa waliotenganishwa na jamaa. Dakika ni chache, na wazee wenye uzoefu hupanga kabla ya kuingia nini kisemwe kwanza.

Teknolojia iliyowafaa zaidi wazee, bila kupangwa kwa ajili yao, ni ujumbe wa sauti ulioongezwa kwenye WhatsApp mwaka wa 2013. Mzee anayezungumza Kinuer au Kiturkana tu, ambaye hajawahi kuandika barua, hushika kibonyezo na kusema. Mwanawe aliye Marekani husikiliza akitoka kazini, kisha hujibu wakati mzee amelala. Tofauti ya saa haiwazuii, wala mtandao hafifu, kwa kuwa ujumbe husubiri mpaka mnara upatikane. Video hupendeza, lakini hula bando na chaji, na mtoto mdogo hukimbia baada ya dakika mbili. Kwa mtoto aliyetengana na mzazi akiwa mchanga, simu fupi ya kila wiki siku ile ile humzoeza sauti kuliko simu ndefu ya mara moja kwa mwaka.

Pa kuanzia

Msalaba Mwekundu wa Kenya umefanya kazi hii pia wakati wa majanga ya humu nchini. Ulifungua madawati ya kutafuta jamaa baada ya shambulio la Westgate mwaka wa 2013 na la Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015. Mkazi wa kaunti hii, awe Mkenya au mkimbizi, anaweza kufika ofisi zao zilizoko Lodwar na Kakuma, au kupiga 1199 bila malipo.

Mtoto akipotea, usisubiri kupambazuke wala siku ipite. Piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, upewe namba ya OB, mwarifu chifu, na piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto. Ombi la Msalaba Mwekundu haliondoi haja ya ripoti ya polisi.

Anayekwenda kufungua ombi la kutafuta jamaa abebe kitambulisho au hati ya ukimbizi kama anayo, na picha yoyote ya anayetafutwa hata ikiwa ya zamani. Ataje majina yote, ya nyumbani, ya dini na ya utani, na aombe kumwona karani akiyaandika. Asiyejua kusoma amsikilize karani akiyasoma kwa sauti. Kama lugha ni kikwazo, aombe mkalimani, wala asimtumie mtoto wake kutafsiri habari za vita.

Majibu huweza kuchukua miezi au miaka, na wakati mwingine habari inayorudi ni ya kifo. Wakati wa kusubiri, kosa linalotokea mara nyingi ni la anayetafuta mwenyewe kupotea kwenye kumbukumbu. Aliyefungua ombi akiwa Kakuma 1, kisha akahamishiwa Kalobeyei Kijiji cha 3 au akabadilisha laini, arudi ofisini aseme. Kadi ya pili ikifika, karani awe na mahali pa kuipeleka.